Babu wa Mteja Amefufuka

La Rochelle, Jumanne 14 Machi 2017

Na nimembishia bosi wa ofisi yetu ya kutafiti koo za watu, wakati muda wangu wa majaribio unaisha Ijumaa.

Alitaka kumwandikia mteja wa Amerika kwamba ukoo wake wa walowezi wa kwanza ulikatika, kwa sababu babu yao Thomas alikufa mchanga. Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba mdogo wake Thomas, aliyezaliwa baadaye, alirithi jina hilo.

"Mtoto gani hupewa jina la maiti, Furaha?"

"Mimi, madamu. Jina langu ni la dada yangu aliyekufa kabla sijazaliwa."

Akanisukumia faili la ukoo huo. "Haya, mwandikie mwenyewe. Akifurahi, utabaki."

Nimeendelea kusoma. Huyo Thomas wa pili alikua, akaoa, akachapwa viboko hadharani kwa kuiba nguruwe.

Sasa natafuta namna ya kumfurahisha mteja kwa habari hiyo.