Miiba Yote Iko Kushoto

Jumapili, 5 Mei
Nimepanda mlima wa machimbo kabla jua halijachomoza, na kamera niliyouziwa na shemeji. Ukungu umelala bondeni, mwanga unaupasua taratibu – nikasema leo ndiyo leo! Nikapiga. Nikaituma kwenye kundi letu la picha za mandhari kabla hata sijanywa chai.

Kundi lina sheria yake: kila mtu akutupie ua moja, halafu mwiba mmoja. Ua ni sifa, mwiba ni kasoro. Na hakuna kununa. Maua yakaja. Kisha mwalimu mstaafu, yule wa jiografia, akachoma: bonde zuri, ila ile nguzo ya umeme kushoto imekaa kama mgeni asiyealikwa.

Nguzo gani? Nimekaa pale mpaka matako yakafa ganzi, sikuona nguzo. Nikaikodolea picha – hakuna nguzo. Nikamjibu kwa ukali kidogo. Fundi saa wa kundini akaniambia niache ubishi, nguzo hata mtoto anaiona. Nikaisogeza simu upande wa kulia... nguzo hiyo! Nene, na nyaya zake. Nimeomba radhi. Haraka haraka haina baraka.

Jumatano, 8 Mei
Siku mbaya. Nimevunja kioo cha pembeni cha basi la shule ninaloendesha, getini kabisa, watoto wamo ndani. Nikamfokea mlinzi kwamba hakulifungua geti lote. Kaapa amelifungua lote. Dada wa basi, anayewapandisha na kuwashusha watoto, alinitazama tu. Mkuu wa shule kanisamehe: dereva wa siku nyingi, hajawahi kukwaruza hata baiskeli. Kioo chenyewe ni cha kushoto, upande wa mlango.

Jumapili, 12 Mei
Leo mto. Mawe, maji yanachuruzika, kivuli kizuri. Mwiba: mfuko wa plastiki umenasa kichakani. Kushoto tena! Fundi saa hana dogo – kauliza kama kamera yangu ina makengeza, kanibatiza Bwana Kushoto. Kundi zima likacheka, nami nikatuma vicheko vyangu. Vya uongo.

Baadaye muuguzi, yule dada mpole wa kundini, akaniandikia pembeni. Samahani kaka, amepitia picha zangu zote za mwaka huu, na miiba yangu yote iko kushoto. Nifunike jicho moja, nikodolee katikati ya saa ya ukutani, kisha nifunike jingine. Halafu nimwambie.

Nimemjibu awatibu wagonjwa wake, mimi si mmoja wao. Kwani nani kamwomba!

Jumatatu, 13 Mei
Nimefanya. Mama watoto alikuwa sokoni.

Nimefunika jicho la kulia: saba, nane, tisa, kumi – hazipo. Siku zote nilidhani asiyeona huona giza. Hakuna giza. Kuna ukuta tu, safi kabisa, pale namba zilipotakiwa kuwa. Nikafunua yote mawili. Tisa na kumi hazikurudi.

Naogopa.

Alhamisi, 16 Mei
Daktari wa macho – kijana, ana upole wa kutisha. Kanikalisha kwenye mashine nibonyeze kitufe kila nikiona kinuru. Nimebonyeza kwa bidii, nikajiona mwanafunzi hodari. Kumbe vingi vilinipita sina habari navyo.

Presha ya macho. Kasema ni mwizi asiyevunja mlango: haumi, hawashi, na akili yenyewe inakuzibia pengo kwa chochote kilicho jirani, kwa hiyo hujui kama umeibiwa. Matone yatalinda kilichobaki. Kilichokwenda kimekwenda.

Nikamuuliza kuhusu basi. Akaweka kalamu chini. "Mzee wangu, usiendeshe. Hata hiyo kesho." Akataka kumpigia mkuu wa shule. Nikamwambia nitasema mwenyewe, mimi ni mtu mzima.

Sijasema. Kitinda mimba wetu anasoma pale bila ada kwa sababu baba yake ndiye dereva. Na nisipokuwa dereva nitakuwa nani? Mzee wa kukaa barazani na kamera! Mama watoto nimemwambia macho yamechoka tu, nimepewa matone. Kanilaza chali, kanitia matone, hakuuliza neno. Miaka yote hii hajawahi kunidanganya. Nimejichukia.

Ijumaa, 17 Mei
Nimeendesha. Shingo nimeizungusha kama bundi kutwa nzima, sasa inauma. Hakuna kilichotokea. Haya basi, hakuna kilichotokea.

Jumapili, 19 Mei
Picha ya bwawa. Safari hii nimejifunga kibwebwe: kabla ya kubonyeza nikageuza kichwa, nikakagua kushoto pole pole, kichaka kwa kichaka. Nikatoa chupa, nikakata tawi. Asubuhi yote imeishia hapo.

Hakuna mwiba hata mmoja! Maua matupu. Mwalimu kasema sasa nimekomaa. Fundi saa kanivua jina, Bwana Kushoto amekufa, tumzike. Ningekuwa na raha leo.

Muuguzi hakutupa ua wala mwiba kundini. Kaniandikia pembeni tu: "Bwawa linakusubiri, kaka. Mtoto hasubiri."

Sijamjibu. Kazi yangu anaijua, lakini anajuaje kama bado naendesha? Kesho namwambia mkuu. Nikishawafikisha watoto, naingia ofisini kwake, nasema.

Jumatatu, 20 Mei
Naandika nikiwa kwenye usukani. Basi limesimama kituoni, injini nimezima, daftari nimelitoa chini ya kiti kwa sababu sijui mikono niipeleke wapi.

Dada wa basi hakuja leo, anaumwa. Nikasema nitakuwa dereva na dada wa basi kwa pamoja, kwani si mara moja tu! Watoto wakapanda. Nikageuza shingo, nikatazama kushoto. Peupe. Nikatia gia, basi likaanza kutambaa. Ndipo nikasikia makofi kwenye bati – makofi madogo – na ukelele wa mwanamke nje. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Mtoto alikuwa mbele ya gurudumu la kushoto, anaokota kofia yake. Wa darasa la kwanza. Mzima, hana hata mkwaruzo. Mama yake kamkumbatia pale pale chini, ananitukana, na ana haki.

Mimi nilitazama pale. Naapa nilitazama pale! Niliona barabara tupu.

Simu inaita, mkuu wa shule, tumechelewa. Sijapokea. Magari nyuma yanapiga honi. Funguo nimezitia mfukoni. Kitinda mimba wangu amekuja mbele, ameshika kiti changu. Ameniuliza kama basi limeharibika. Nimemwambia ndiyo, mwanangu, limeharibika.

Sasa anauliza limeharibika wapi.