Mafuta Yaliyoshika

Kawangware, Jumanne usiku, 1978

Masikio bado yanalia. Mama mkwe amelala, mkono umefungwa kitambaa, na mimi nimekaa tu.

Ni mafuta yangu ya kujipaka, ninayoyatengeneza mwenyewe. Wiki nzima yalikataa: maji yanashuka chini, mafuta yanabaki juu. Jana nikatia udongo mweupe niliouchekecha na nyuzi za katani nilizozikatakata, nikapiga na mwiko mpaka mkono ukafa ganzi. Yakashika. Maji yote yakajificha ndani ya mafuta, meupe, laini. Nikayapakia kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia, maana hapa kwetu kila kitu hukaa humo, hata chumvi.

Leo jioni mama mkwe, na macho yake yasiyoona vizuri, akachota kijiko akatia kwenye sufuria ya moto. Yale maji yakalipuka.

"Umeweka nini humu, Wanjiru?" akaniuliza, polepole, kama anaogopa jibu.

Sijamwambia lingine. Asubuhi nilimuuzia Mama Otieno wa mtaa wa Kianda, mbali na hapa, mkebe mmoja. Yeye hukaanga mandazi ya kuuza kabla hakujapambazuka, mtoto mgongoni, na mafuta anayoongeza kwenye karai huyachota kwenye mkebe kama huohuo. Kwenda huko usiku huu, mwanamke peke yangu... Na nikingoja kupambazuke...

Asubuhi, nilipompa mkebe, Mama Otieno aliufungua, akanusa, akacheka. "Huwezi jua si ya kupika," alisema.

Nilirudi nyumbani nikiimba.