Haijawaka, Baba

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nyumbani hatujambo, ila jicho la Baba la kulia. Najua amekwambia alijisahau kazini. Ananisitiri, Shangazi; kosa ni langu.

Siku ile nilikuwa naye maabara. Alikuwa anapima leza ndogo kama punje ya mchanga, yenye kijia chembamba kuliko unywele cha kupitishia mwanga. "Mwanga wake una haya kama wewe," alinitania, "hauonekani kwa macho." Nikacheka. Baadaye, akiwa amenipa mgongo, akaniuliza, "Imewaka?" Badala ya kusoma kipimo, niliitazama leza kutoka ubavuni, nikaona giza tu. Nikasema, "Haijawaka, Baba." Akavua miwani ya kinga, akainama kuichungulia.

Kumbe ilikuwa imewaka. Sasa jicho lake hilo la kulia linaona doa jeusi katikati ya kila kitu. Juzi alimimina chai nje ya kikombe, akasema kikombe kimehama.

Hajanilaumu hata kidogo. Ukija, muulize tena mbele yangu ilivyokuwa, nami niseme ukweli, maana peke yangu mdomo unakuwa mzito. Jana aliniuliza kama taa ya barazani imewaka. Niliiona inawaka, lakini nilikwenda kuigusa kwanza, ndipo nikamjibu.

Ni mimi mwanao,
Kimya