Ngano Yenye Majivu

Anguri, Jaghori,
9 Oktoba 2012.

Mpendwa mdogo wangu Qambar,

Pokea salamu za dada yako. Watoto hawajambo? Kifua cha mkeo kimetulia? Sisi huku tu wazima, ila mimi nina hasira, na kwa kuwa simu zangu hupokei, nimempa dereva anayekuja huko karatasi hii.

Sabera, mjukuu wa Mjomba Sakhidad, amekuja huko Quetta kupasuliwa jicho. Alibisha hodi kwako akiwa na mama yake. Ukamtuma mwanao mlangoni: "Waambie nyumba imejaa." Sasa wanalala barazani hospitalini wakingoja zamu. Nyumba ya vyumba vitano, Qambar. Huna haya?

Ulikuwa na miaka sita, labda umesahau. Mimi nilikuwa na kumi. Makombora yalipomiminika Kabul, ukuta wa jikoni ulituangukia, ukalia mpaka sauti ikakauka. Ndugu zetu wa damu walitufungia milango. Aliyetupokea, huku Jaghori, ni Sakhidad, ambaye aliwahi tu kufyatua matofali na marehemu baba. Tulikuwa saba. Akatupa chumba chenye moto, wanawe wakahamia zizini kwa mbuzi.

Na ile ngano je? Mama, mtu wa mjini, alikuta gunia la ngano iliyochanganywa na majivu, akadhani imeharibika. Akaiosha, akaisagisha, akaoka mikate ili tusiwe mzigo. Kumbe ilikuwa mbegu yao ya masika, yote, iliyotiwa majivu isiliwe na wadudu. Gulshah, mke wa Sakhidad, akafoka: "Nyie wa mjini mnadhani mkate huota dukani?" Mama akaangua kilio. Sakhidad akamega kipande, akatafuna taratibu.

"Nyamaza, dada. Si imo matumboni mwa watoto? Haijapotea."

Wewe ulikula mitatu.

Walipanda robo ya shamba, kwa mbegu za kuomba. Majira ya baridi yaliyofuata walimzika binti yao mdogo. Hakuna aliyetutajia ngano, hata Gulshah mwenye ulimi wake.

Mzee Sakhidad hajui kwamba umewafukuza. Juzi aliniuliza, "Qambar kampokea vizuri mtoto?" Nikamjibu ndiyo, nikashindwa kumtazama usoni.

Nisalimie mkeo Masuma na watoto wote. Mungu akulainishe moyo, maana mimi nimeshindwa.

Uongo nimeshausema. Nenda hospitalini leo, uufanye kuwa kweli.

Dada yako, ambaye bado anakupenda,
Nekbakht