Difu Isiyopanda Mlima

Satellite, Nairobi

Kwa Baba yangu mpenzi,

Assalam aleikum. Shikamoo, Baba, na mkono wako naubusu kutoka huku huku niliko. Desturi ni niandike kwamba mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yenu. Uzima upo, alhamdulillahi, ila safari hii hofu iko kwangu na aibu iko kwangu, hata chai ya asubuhi hainishuki. Vipi mgongo wako? Mama ameacha kukohoa? Na bibi, bado anagombana na kuku wa jirani? Nakuomba barua hii uisome mwenyewe umekaa, usimpe Mwanatumu akusomee, maana huyo mdogo wangu namjua, atasoma nusu na nusu atacheka.

Utashangaa kupata barua na simu ipo. Simu nimeijaribu, Baba. Kila ukinipigia, nikianza habari ya pikapu unaniambia, "Hapana neno, mwanangu, gari lakwenda," kisha unaniuliza kama huku kuna baridi, kisha salio linakwisha. Salio lako huwa linakwisha pale pale ninapotaka kusema kweli. Karatasi huwezi kuikata, ndiyo maana nimeikimbilia.

Ni Mwanatumu aliyenipasulia. Alinipigia akidhani nayajua yote. "Dada, hiyo difu uliyoleta ni ya gari au ya baiskeli?" Nikamwambia aache utani. Ndipo akanieleza kwamba pikapu ikitoka bondeni na machungwa, ikifika katikati ya mlima inatetemeka, inakohoa, inazimika. Kwamba wanawake unaowapakia huteremka wakabeba matenga kichwani mpaka juu, ndipo wewe uipandishe tupu kwa gia ya kwanza huku klachi inanuka. Kwamba shangazi Mwanaisha naye aliteremka, na goti lake lile, akapanda kwa miguu akishika ukuta wa barabara na kumtaja Mola kila hatua. Na wenye mashamba wameanza kumwita Rashidi na gari lake, msimu wenyewe ndio huu.

Yote hayo yaliniuma. Lakini lililonimaliza ni alilosema mwisho. Akasema watu wa barazani walikuuliza, "Huyo binti yako wa spea, amekuletea nini hiki?" Nawe ukawajibu, "Mejumaa hana kosa. Mimi ndiye niliyemwambia anitafutie difu ya mbio. Nimechoka kwenda polepole."

Baba! Wewe, ambaye baiskeli za mkaa hukupita ukizipungia mkono! Wewe utake mbio za kwenda wapi? Mwanatumu anasema walicheka mpaka wengine wakashika mbavu, wakasema mzee ameota ujana, na wewe ukacheka nao. Nilipomaliza kuzungumza naye nililia, wallahi, jirani akagonga ukuta kuuliza kama nimefiwa.

Sasa sikiliza ilivyokuwa, kwa sababu wewe unadhani nilikosea kwa kutojua, na hiyo ni nusu tu.

Difu ya zamani ilipoanza kulia kule chini kati ya matairi ya nyuma, uliniambia kwa ufupi, "Nitafutie yenye nguvu kama hii." Nami nikajiona fundi. Mimi kazi yangu ni kaunta, Baba. Duka letu liko Kirinyaga Road, nauza filta na plagi na breki padi kutwa nzima, lakini difu sijawahi kuifungua. Nilijua difu ni difu, bora bolti zilingane. Nikaenda kwa Musyoka, fundi Mkamba ambaye ni mteja wetu, ana gereji ya uwanjani pale nyuma ya Dagoretti Corner. Siku hiyo alikuwa akivunja pikapu ya aina yako, ya tajiri mmoja wa Lavington, gari la kuendea Nakuru na kurudi, tope halilijui. Difu yake ilikuwa safi, kavu, haina tone la mafuta nje. Nikaipenda palepale, kama mtu anavyopenda sufuria jipya.

Kabla sijaendelea kuna jambo sikuwahi kukwambia. Huku mtu akisikia Kiswahili changu ananiuliza, "Wewe ni wa Mombasa?" Kwao pwani nzima ni Mombasa, kuanzia Vanga hadi Lamu. Mwanzo nilikuwa naeleza. Nikisema Kwale, wanauliza Kwale ni wapi. Nikisema mlimani Shimba Hills, wanauliza kama tunalala na ndovu. Nikachoka, nikaanza kuitikia tu: ndiyo, wa Mombasa. Kisha nikanogewa. Nikaongeza nyumba ya Mji wa Kale yenye mlango wa kuchongwa, nikaongeza na baba mwenye duka la vitambaa. Nisamehe, Baba, duka lenyewe nililijaza hariri. Sasa barabara nzima, na mafundi wote wa Dagoretti Corner, hakuna anayejua jina langu. Wananiita Mombasa.

Basi Musyoka akaniambia, "Sasa, Mombasa! Hii difu ni ya nani?"

"Ya Babangu."

"Yeye hubeba nini?"

"Mizigo tu."

"Lakini hii ni nzito, unaelewa?"

Niliposikia nzito nikafurahi. Wewe umetaka yenye nguvu, yeye anasema nzito. Kichwani mwangu kitu kizito ndicho chenye nguvu, kama jembe. Kumbe mafundi wa huku wakisema difu nzito, wana maana kuwa uzito huo utaielemea injini. Hapo nilikuwa mjinga, na mjinga husamehewa. Lakini Musyoka si mtu wa kubahatisha, akauliza tena, "Huko kwenu kuna milima?"

Palikuwa na wateja wawili wamekaa juu ya matairi, na mama wa chai ambaye wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemsimulia upepo wa bahari unavyoingia dirishani kwetu. Mlima niliuona, Baba, kama ninavyouona nikiwa nyumbani, na wewe ukikata usukani pale konani. Kabla sijafungua mdomo mteja mmoja akanijibia, "Ah, Mombasa gani iko na mlima!" Wakacheka. Mimi nami nikacheka. Nikasema, "Kwetu ni tambarare tu."

"Basi chukua," akasema Musyoka. "Kwa flat hii itateleza poa, na hata mafuta itakunywa kidogo."

Kwetu ni tambarare. Nimelitamka kwa mdomo huu. Mlima umeupanda na kuushuka miaka yote hiyo ndipo nikasoma, nami nikaufuta mbele ya watu kwa kuogopa mama wa chai asinione muongo. Nikaja kwa basi na difu, mkanipokea kwa pilau, ukawaambia majirani, "Binti yangu huyu anajua magari." Ukaifunga bila kuifungua kutazama ndani. Nilikuwa nimekuletea mimi, ungeitazama ya nini?

Baada ya simu ya Mwanatumu nilikwenda Dagoretti Corner moja kwa moja. Nilimkuta Musyoka na watu wake wanakula githeri. Nikasema pale pale, kabla ya salamu, "Fundi, mimi si wa Mombasa. Kwetu ni Kwale, mlimani. Baba yangu hana duka. Ana pikapu, anabeba machungwa kutoka bondeni, na ile difu haipandi."

Akaacha kijiko. "Ati mlima? Kwani si niliuliza?"

"Uliuliza."

"Na ukasema?"

"Nikasema tambarare."

"Sasa kwa nini, jameni? Mlima ni kitu ya kuonea aibu?" Mama wa chai alikuwa akinitazama na birika mkononi. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na buibui langu. Musyoka hakucheka, na ingekuwa heri angecheka. Alitikisa kichwa tu, akasema, "Huyo mzee amekuwa akiteseka bure."

Kisha akanifundisha. Akaweka chini difu mbili zilizofunguliwa, moja kama ile niliyokuletea, na nyingine ya pikapu iliyokuwa ikibeba mawe ya machimbo. Ndani ya kila moja kuna gurudumu kubwa la meno, krauni, linalozungusha matairi, na dogo, pinioni, linalopokea nguvu ya injini. Akatia chaki kwenye krauni, akaniambia nizungushe pinioni kwa mkono mpaka chaki irudi pale pale. Nikapiga magoti kwenye oili. Ile iliyo kama ya Lavington ilirudisha chaki kabla sijamaliza mizunguko minne. Ile ya mawe ilinitaka zaidi ya minne na nusu, na mkono wangu uliona wazi ilivyo nyepesi. Pinioni yenye meno machache huzunguka zaidi ili tairi lizunguke mara moja tu. Mbio inapungua, nguvu ya kuvuta inaongezeka. Ni hilo tu, Baba. Jambo la kuelezwa mtu akisubiri chai ipoe, nami kwa sababu yake nimewapandisha wanawake wa watu mlima na matenga kichwani.

Difu hiyo ya mawe ndiyo uliyoipokea kwa basi pamoja na barua hii. Krauni ina meno arubaini na moja, pinioni tisa, na Musyoka anaamini yako ya zamani ilikuwa hivyo hivyo. Nimeyahesabu mwenyewe, kisha nikamwomba Musyoka ahesabu, kisha nikarudia. Safari hii usiniamini. Mwambie fundi aifungue na wewe uhesabu kabla ya kuifunga, na umwage oili ya zamani yote. Ile nyingine irudishe kwa basi hilo hilo, Musyoka atampa mwenye barabara ya lami.

Mama ataisikia habari hii na atasema mkataa kwao mtumwa. Mwache aseme, nimelistahili. Huku wengine bado wananiita Mombasa kwa mazoea, nami nawarekebisha mmoja mmoja, na kila mara uso unaniwaka. Mama wa chai ameuliza kama hata huo upepo wa bahari ulikuwa wa uongo. Nikamwambia ndiyo. Akanimiminia chai, na mpaka leo sijui kama amenisamehe.

Nisalimie Mama, mwambie dawa ya kifua naileta mwenyewe. Nisalimie bibi yangu mwenye kuku wake. Shangazi Mwanaisha mpe pole ya goti, umwambie nikija nitamkanda mimi kila jioni mpaka anifukuze. Mwanatumu mdogo wangu mwambie ahsante kwa ulimi wake mrefu, kwa mara ya kwanza umefaa. Na Rashidi msalimie pia, kwa kuwa aliwabebea watu machungwa yao nilipowaangusha.

Nimebakiwa na ombi moja, nalo usilikatie salio. Gari likishapanda, watu wa barazani watakuuliza imekuwaje mzee ameacha mbio. Nakujua, utatafuta uongo mwingine mzuri wa kunifunika. Usinifunike, Baba. Waambie, "Binti yangu aliona haya kutaja mlima wetu, akaniletea difu ya watu wa tambarare." Sema hivyo hivyo, na kwa sauti. Idi nikija nitapita hapo barazani mchana kweupe, wanicheke usoni. Wewe umechekwa vya kutosha kwa ajili yangu. Aibu hii ni yangu, niachie niibebe mwenyewe.

Mimi mwanao,
Mejumaa, mtu wa Kwale