Msafara wa Msalabani Baada ya Misa

Kibanda cha juu, Ijumaa 26 Aprili 1974

Kaka Placi,

Salamu. Goti lako limepoa? Wifi hajambo? Mimi mzima, ila nina hasira.

Mawingu yamefunika usiku kucha wiki nzima, theluji haigandi. Leo asubuhi nimetoka mlangoni nikazama mpaka magotini. Chini imelowa kama uji. Mteremko ulio juu ya njia ya msalabani haujaporomoka bado. Theluji yote iko palepale, nzito. Msafara wa keshokutwa uache, usiwapandishe watu msalabani.

Barua naituma kwa kikapu kinachoshuka kijijini kwa waya, pamoja na chupa za maziwa. Nijibu kwa kikapu hichohicho.

Dada yako,
Mengia

Kijijini, Jumamosi 27 Aprili

Mdogo wangu Mengia,

Sisi wazima. Goti linauma likijisikia. Wifi yako anakusalimu, mkate huo kaoka yeye.

Umekuwa mwoga kama wageni wa hoteli. Baba aliongoza msafara huu maisha yake yote, misa kwanza, kisha kupanda, na hakupoteza hata kofia. Watu wanakwenda kuwaombea wafu wao, wewe unawapimia theluji kwa magoti! Pika, dada. Milima niachie mimi.

Kaka yako,
Placi

Kibandani, Jumamosi jioni

Placi,

Sikusalimu.

Baba alipandisha watu Machi, siku ya Mtakatifu Yosefu, baridi ikiwa kali kutwa. Ninyi mmesogeza msafara hadi mwisho wa Aprili ili wageni waote jua, saa mkaiacha ileile. Mkitoka kanisani saa tatu, mtafika chini ya mteremko adhuhuri, jua limeshaukalia. Baba angekuzaba kofi.

Kesho nashuka mwenyewe.

Mengia

Kijijini, Jumatatu 29 Aprili

Mengia,

Umefurahi? Unasimama mlangoni pa kanisa, unawaamuru watu wakanyage theluji ya uani! Padre na kanzu yake kazama mpaka mapajani, mzee Giusep anamvuta kwa makwapa: "Baba, ukizama hapa uani, huko juu tutakutafuta wapi?" Watu wakacheka, wakaenda zao kunywa kahawa. Mimi kiongozi nikabaki na kamba begani kama zuzu.

Na mteremko haukuporomoka! Nimeukodolea macho mpaka jua likazama. Hata bonge moja! Giusep ananiuliza kama siku hizi hata chooni naenda kwa ruhusa yako.

Placi

Kibandani, Jumatano 1 Mei

Placi,

Nami niliutazama mteremko. Nilitaka uporomoke ili wewe unyamaze. Haukuporomoka, na hali ikirudi vile nitashuka tena, Giusep acheke asicheke.

Hukujua kama mteremko ungeporomoka au la. Mimi pia sikujua. Wewe ulitaka kuwapeleka watu wakajaribu.

Tangu juzi usiku anga halina wingu hata moja. Alfajiri theluji inakuwa ngumu, koleo linadunda. Ikiendelea hivi, Jumapili ondokeni usiku, misa isomwe msalabani, mshuke kabla jua halijailainisha. Padre akikataa, abaki na kanzu yake.

Dada yako, upende usipende,
Mengia

Kijijini, Jumamosi 4 Mei

Mengia,

Padre amekubali. Tunaondoka saa nane usiku.

Ukiona theluji haijaganda, weka taa dirisha la upande wetu. Nitawarudisha mimi mwenyewe. Usishuke.

Sijakusamehe. Bandika supu ya shayiri, tuko wengi.

Kaka yako,
Placi