Nyumba ya Mama Haina Alama Nyekundu

Mama Sophie mshauri wetu, pokea salamu kutoka Butembo, naomba msaada wako haraka maana jambo hili limenizidi na hapa sina mtu wa kumwambia bila habari kutembea. Mimi ni agent wa commune, mtumishi wa manispaa yetu, na mwezi wa tisa nilipewa kamba ya kupimia na kopo la rangi nitie alama nyekundu kwenye kila nyumba iliyo chini ya mita thelathini kutoka ravin, lile korongo linalokula mtaa wetu kila msimu wa mvua, kwa sababu commune ina mpango wa kuhamisha watu kabla udongo haujawabeba, na wenye alama watapewa viwanja vipya kule juu. Nilipima nyumba hamsini na mbili bila kumwonea mtu, mpaka nikafika kwa mama yangu mzazi, Emérence, nikapima mara mbili nikapata mita kumi na mbili, na hapo nikaweka kopo chini, maana baba tulimzika ndani ya parcelle ile ile, kiwanja cha nyumba, kama tunavyozika watu wetu sisi Wanande, na mama akasimama mlangoni akaniambia, "Kamate, baba yako iko hapa. Ukipaka ile rangi, unaniambia nimuache peke yake. Donc siku nitakufa, usishike udongo ya kaburi yangu." Nikafunga kopo, na kwenye karta, ile ramani ya commune, nikapitisha mstari wa hatari nyuma ya nyumba yake ili ibaki nje, nikijiambia nitarudi akipoa.

Sikurudi, na majirani wameona, na Jemima mwenye watoto wanne, aliyekuwa amekwisha kuhamia kwa dada yake, amerudi akafuta alama yake kwa sabuni, wengine wanne wakamfuata, wakisema kama mwenye kupima hamhofii mama yake basi hatari ilikuwa ya kututisha tu. Juzi mvua imepiga na jiko la jirani Lusenge limeshuka lote ravin, bahati hakukuwa na mtu ndani. Ijumaa bourgmestre, mkuu wa commune, anatia sahihi ile karta. Nikisema kweli nitafukuzwa kazi na mama atanikataa, nikinyamaza naogopa kila wingu. Nifanye nini?

Kamate, Butembo

Kamate mwanangu,

Neno kama lile la mama si mchezo, na sitakucheka kwa kuliogopa. Lakini umenikasirisha. Soma tena barua yako: hakuna mahali umeandika kwamba ulimwambia mama ni mita ngapi. Ulijua kitu asichokijua, ukamwachia aamue gizani, kisha unaiita hiyo heshima. Ulikuwa unakwepa ugomvi tu.

Na Jemima je? Watoto wake wanne wanalala ukingoni mwa ravin kwa sababu ya kalamu yako. Usingoje Ijumaa. Leo hii pita kwa familia zote tano, nyumba kwa nyumba, uwaambie kwa mdomo wako kwamba ulidanganya na watoke. Watakutukana, vumilia. Ukitoka hapo nenda kwa bourgmestre na karta iliyosahihishwa, kabla mtu mwingine hajakutangulia. Kazi ikiisha, iishe. Una mikono.

Kwa mama usiende peke yako. Mchukue baba yako mdogo, maana kaburi lile ni la ndugu yake pia, na mama atamsikiliza. Mpe mama ncha moja ya kamba aishike, ahesabu mwenyewe hadi kumi na mbili. Kisha baba mdogo aseme habari ya kaburi: ama familia iombe ruhusa ya kumhamisha marehemu, ama mama awe anakuja kumwombea siku za jua. Baba yako amekwisha kufa, mwanangu. Mama bado.

Tia ile alama mchana, majirani wakiona, na siku hiyo hiyo mbebee vyombo vyake, wewe mwenyewe ukishika kitanda. Akilia, lia naye. Lakini kitanda usikiweke chini.

Mama Sophie